Kupita Bila Mbwa

9 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Mimi mzima, nakula na nalala. Nguo ulizonishonea hazijaachia hata uzi mmoja, ila ile suruali ya kijivu imejaa nywele za mbwa mpaka watu wanafikiri ndiyo rangi yake. Nyonga yako vipi, imepunguza kukusumbua? Na cherehani imeacha kuruka nyuzi? Msalimie dada na watoto. Yule mdogo umwambie mbwa wa huku hawavai viatu, nilimdanganya.

Kazi ni ileile, kuosha mabanda na kupika chakula cha mbwa. Ila Bosi amenipa mbwa nimfundishe. Jike, mweusi, mwembamba, anaitwa Sindano. Najua utasema nimemwibia jina kazini kwako, lakini nilimkuta nalo.

Kuna mchezo huku. Wanapanga vitu kiwanjani. Kuna viunzi vya kuruka, kuna bomba la turubai la kupita ndani, kuna mbao ndefu ambayo mbwa akipanda inabonyea upande wa pili, na kuna vijiti vimesimamishwa mstari mmoja, mbwa anapita katikati yake huku na huku kama sindano yako inavyopita kitambaani unapopiga bandi. Mwenye mbwa anakimbia pembeni. Haruhusiwi kumgusa. Anamwonyesha kwa mkono na bega, mbwa anamsoma. Ndiyo maana naupenda huu mchezo. Unaweza kumaliza wote hujafungua mdomo.

Bosi amesema mashindano ya mwezi wa sita Sindano akimaliza bila kosa, mimi naacha kuosha mabanda nakuwa mfundishaji, na Sindano anabaki na mimi. Akiharibu, anapelekwa kulinda ghala la saruji, na kule mbwa hafunguliwi mnyororo. Nimepita pale. Mbwa aliyepo sasa haangalii mtu, anaangalia ukuta.

Kitu kimoja kitakuchekesha. Kabla ya mashindano watu wanaingia kiwanjani bila mbwa ili waizoee njia. Watu wazima, wengine na vitambi vyao, wanatembea mkono mmoja umeshuka chini, wanageuka, wanasema njoo, ruka, taratibu mama, na pale pembeni hakuna kitu. Wanaita kupita bila mbwa. Siku ya kwanza nilijificha nyuma ya tanki la maji nikawa naona aibu mimi. Sasa na mimi nafanya. Nimekuchorea njia yetu kwenye karatasi hii nyingine, fuata mishale mpaka mwisho.

Lile swali lako la kurudi nimeliona.

Mwanao,
Kimya


27 Februari

Mwanangu Kimya,

Marahaba. Huku tupo. Dada yako amepona kikohozi, sasa anakohoa mume wake. Yule mdogo amekataa kabisa habari ya viatu, anasema wewe ndiye unadanganya sasa hivi. Mwalimu mkuu amenenepa tena, nimemfungulia mishono ya koti kwa mara nyingine na bado ananiambia kitambaa kimerudi.

Mchoro wako nimeupata. Wewe kwa kuandika si hodari sana, lakini kuchora unajua. Nimeusoma kama ninavyosoma mchoro wa nguo, nikaona mbona huu naweza kuukata. Uani kuna nafasi tangu ulipoondoka na baiskeli yako. Nimepima, nimechora chini kwa chaki yangu ya buluu. Ndoo zimekuwa viunzi. Bomba ni lile pipa lililotoka kitako. Vijiti ni mipini ya mafagio. Mwisho nimeuweka kwenye mlango wangu, maana mtu akimaliza kazi anaingia ndani.

Saa kumi na moja jioni nafunika cherehani, nashusha mkono, napita. Nilianza ili nikusaidie, na nimeshakusaidia: kona inayofuata bomba imebana, atagonga bega. Mwonyeshe mapema kabla hajatoa kichwa.

Jirani alichungulia juu ya ukuta akaniuliza nimepoteza nini. Nikamwambia mbwa. Akasema wewe hujawahi kuwa na mbwa. Nikamwambia basi ndiye huyohuyo.

Nyonga imelegea, sijui ni kutembea. Kila jioni mtu ana cha kufanya. Nyumba hii ilikuwa kubwa mno jioni, Kimya. Utarudi baada ya mashindano, au?

Shangazi yako


20 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Nashukuru dada amepona. Mimi nilibanwa kidole na mlango wa banda, kucha imekuwa nyeusi lakini haiumi.

Kona ulisema kweli. Nikamwonyesha mapema, akapita kama maji. Filimbi, yule mfundishaji mkubwa ambaye haitoi filimbi mdomoni hata akiwa anaongea, aliniuliza nani kanifundisha. Nikasema shangazi yangu, fundi cherehani. Akafikiri namtania.

Ila kuna jambo. Mbwa wote huku saa kumi na moja jioni wanagonga mabakuli, ndiyo saa ya chakula. Sindano saa hiyo analala. Kulala kwenyewe si kulala, anaanguka kama nguo iliyokatikiwa kamba. Nimemwita, nimemtikisa, nimemmwagia maji kidogo. Hamna.

Nilikaa chini nikamwangalia. Miguu inakwenda. Mbwa wote wanakimbia usingizini, hilo nalijua, lakini huyu alikuwa anapita njia. Aliruka, akaruka tena. Akashusha kichwa na mabega, bomba hilo. Halafu mwili ukawa unayumba huku na huku, vijiti. Njia yetu yote, amelala ubavu kwenye sakafu. Mwisho akanyoosha shingo kama anayepita mahali pembamba, akatulia. Pumzi ikawa ndogo, ikabidi niweke mkono puani. Hakuamka mpaka asubuhi. Siku hizi ni kila siku.

Bosi aliita daktari wa mifugo. Daktari alimpima akasema mbwa mzima, labda mvivu.

Nilipomwosha miguu nilikuta unga wa buluu katikati ya vidole vyake. Mabanda naosha mimi, najua kilichomo. Hakuna kitu cha buluu kiwanja kizima. Sijamwambia mtu.

Chaki yako ni buluu ya namna gani?

Kimya


8 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Hiyo kucha paka mafuta ya taa, itatoka yenyewe. Mume wa dada yako naye amepona, sasa wamepata nguvu za kugombana.

Chaki ni chaki, buluu ni buluu, unataka nikwambie nini.

Mbwa kulala ni afya. Wewe ulipokuwa mdogo ulikuwa unalala mchana mpaka namwita dada yako aje akusikilize moyo, na sasa angalia urefu wako. Usimmwagie mwenzako maji.

Mimi sijambo sana. Nimeanza kununua mifupa kwa muuza nyama, nachemsha supu. Muuza nyama anasema siku hizi nimependeza, kuna nini. Nikamwambia akate mifupa aache maneno. Kazi inakwenda, miguu haiwi baridi tena nikikanyaga cherehani.

Kuhusu kurudi, usijisumbue sana. Ukirudi sawa, usiporudi tutaona.

Lile sikio lake la kushoto lenye mkato, lilikatwa na nini? Huwa hapendi nikiligusa.

Shangazi yako


2 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako ilichelewa, imefika bahasha imelowa, lakini maneno yanasomeka. Yote yanasomeka.

Sikukuandikia habari ya sikio. Nimerudia kichwani kila barua niliyokutumia. Nilikuandikia jike, mweusi, mwembamba, basi. Mkato wa sikio anaujua anayemshika.

Sasa nisikilize, nami naogopa kukuandikia hivi wewe mkubwa wangu. Kuna kitu nilikuwa nakiona kiwanjani sikukitilia maanani. Watu wanapopita bila mbwa hakuna anayemaliza. Wote wakikaribia kiunzi cha mwisho wanatoka pembeni, wanajifuta jasho, wanaanza kuongea mambo mengine. Nilifikiri ni uvivu. Na mimi nikawa natoka pembeni kwa kuiga. Ila kwenye mchoro wako nilichora mshale mpaka mwisho, kwa sababu njia ndivyo ilivyo.

Nikamuuliza Filimbi. Alicheka. Halafu akatoa filimbi mdomoni, mara ya kwanza naona midomo yake yote.

Akasema, "Ukimaliza bila mbwa, umemwita aje. Na ukishamwita anauliza pa kulala."

Nikamuuliza kama kuna mtu aliwahi kumaliza. Akasema watu wa kazi hii hawamalizi, na asiye wa kazi hii nani atampa njia. Mimi nikaokota ndoo yangu nikarudi mabandani.

Shangazi, Sindano anaisha. Chakula anaacha. Juzi asubuhi alitapika kipande cha mfupa wa kuchemshwa, na huku hatuwapi mifupa ya kuchemshwa, inawachana matumbo. Nikimbeba ni kama nabeba mfuko wa vipande vya vitambaa. Mchana anakimbia bado, lakini akifika kiunzi cha mwisho anasimama, anageuza kichwa, anatafuta mlango. Bosi ameona. Amesema ghala wanamsubiri.

Mashindano ni tarehe kumi na nne Juni. Naomba usipite tena. Na kama kuna mlango unafunga, naomba uufungue.

Kimya


25 Mei

Kimya,

Marahaba. Wote wazima, salamu nafupisha.

Nilitaka nikujibu kwamba sijui unaongea nini. Nimeandika hivyo, nimechana.

Ilikuwa kama jioni ya nne. Nimefika mlangoni, nimesema ingia, kwa mchezo tu, kama mtu anavyoongea na sufuria. Nikasikia kucha kwenye sakafu. Zilipita pembeni yangu, zikazunguka chumba chote zikanusa, zikaenda chini ya cherehani. Nilipokaa kufanya kazi kitu cha moto kikalala juu ya miguu yangu. Sikupiga kelele. Nilimalizia shati lililokuwa mashineni. Nilishona taratibu ili nisimwamshe.

Simwoni. Namshika. Namjua kuliko wewe, wewe unamwona tu. Mbavu zake nimezihesabu kwa vidole, ndiyo maana nikaanza kununua mifupa, sikujua inamchana.

Mlango nafunga, ndiyo. Mwanzoni nilifunga kwa sababu jioni kila mtu anafunga mlango wake. Sasa nafunga kwa sababu najua akitoka nabaki peke yangu. Asubuhi nafungua, anaondoka, simzuii, mchana ni wenu. Lakini kila siku naona nachelewa kidogo kufungua.

Unaniomba nimpe ruhusa. Sawa. Mimi nikuulize na wewe unijibu, si kuniambia swali umeliona. Wewe unarudi au hurudi?

Shangazi


4 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Barua hii anakuletea dereva wa lori la pumba, anapita njia ya kwenu, nimemwomba sana. Mpe maji tu, hali cha mtu.

Sirudi. Nilijua tangu mwezi wa pili. Nimepewa chumba huku, kina dirisha linaloangalia kiwanja. Nikishinda nabaki mfundishaji. Nisiposhinda nabaki kuosha mabanda. Hivyo vyote viwili ni huku. Kila nikishika kalamu nikwambie naona uso wako ukiwa umefunika cherehani, naanza kuandika habari za kucha.

Si kwamba sikupendi. Huku nikinyamaza hakuna anayeniuliza nina nini. Mbwa hawaulizi.

Nimekujibu. Naomba umfungulie Sindano. Siku hizi anaamka mchana umeshaingia, na mashindano ni asubuhi. Akiwa amelala wakati tunaitwa, wanampakia kwenye gari la ghala palepale, gari litakuwepo, Bosi ameshapanga.

Kimya


21 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini wote wazima, na dada, na yule mdogo. Mimi sijui niseme mzima au vipi. Nitakueleza kwa mpangilio.

Asubuhi ya mashindano Sindano alikuwa amelala. Nilimbeba mpaka kiwanjani nikamlaza kivulini, nikamfunika na shati langu. Watu wanapita wanauliza, Bubu, umeleta mbwa au mzigo? Bubu ndiyo jina langu hapa. Gari la ghala lilikuwa limesimama mlango wa nyuma, dereva wake anakula machungwa.

Tukaingia kupita bila mbwa. Nilipita na mkono chini kama wote, na nilipokaribia kiunzi cha mwisho nilitoka pembeni mbio. Nikarudi kivulini, bado amelala. Wakamwita aliyetutangulia, akaingia akamaliza. Wakatuita sisi. Nikapiga magoti. Bosi akasema mara moja nyingine, kisha basi. Yule wa machungwa akajifuta mikono.

Hapo ndipo sikio lenye mkato likasimama. Halafu la pili. Alifungua macho, akaangalia nyuma yangu mbali sana, kama mtu anayesindikizwa anapogeuka kuaga. Akasimama mwenyewe, akajikung'uta. Nikajua umefungua.

Shangazi, alikimbia. Sikuwahi kumwona hivyo. Viunzi, bomba, ile kona yako, mbao, vijiti. Kiunzi cha mwisho aliruka moja kwa moja, hakutafuta mlango wowote. Bila kosa. Bosi alinipa mkono mbele za watu. Lile gari liliondoka tupu. Sindano sasa analala chumbani kwangu, jioni anagonga bakuli kuliko wote, na ameanza kunenepa.

Nakushukuru. Nilikaa siku nzima najaribu kupata neno la kukushukuru, sikupata, ndilo hilo tu.

Ila kuna jambo. Ni tangu jioni ileile. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi nje ya jiko, watu wanapongezana. Filimbi anasema nilianguka ubavu na sahani mkononi. Walifikiri ni uchovu, wakanibeba. Niliamka asubuhi. Kesho yake tena, na kila jioni mpaka jana, na leo najua itakuwa hivyo, ndiyo maana naandika mchana. Sioti kitu. Naamka nimechoka miguu, na mdomoni nina ladha ya chai yenye sukari nyingi, na mimi huku sinywi chai. Filimbi ananiangalia, haniulizi. Sindano naye ananinusa miguu, analia kidogo, anakwenda kulala mlangoni.

Leo nimegeuza nyayo zangu nikaziangalia. Sina haja ya kukuandikia rangi yake.

Shangazi, ulipomtoa Sindano, ulifanya nini jioni yake?

Kimya


7 Julai

Baba,

Marahaba, ingawa jana umeshaniamkia kwa namna yako. Dada yako ana mimba tena, amenikataza kusema, nimeshasema. Mwalimu mkuu amekubali koti jipya.

Dereva wako alileta barua, akanywa maji, akaondoka. Niliisoma nikiwa nimesimama. Sikukasirika. Mtu akisema ukweli huwezi kumkasirikia, unabaki nao tu mkononi.

Asubuhi ile nilifungua mlango kabla ya jua. Hakutaka kutoka mpaka jua likapanda. Ilibidi nimpitishe njia yote kinyume, kutoka mlangoni mpaka mwanzo, nikamwambia nenda, unaitwa. Kucha zikaenda. Nikarudi ndani, miguu ikaanza baridi palepale, siku nzima.

Jioni nikafunika cherehani. Chaki bado ilikuwepo chini. Nikasema nitembee tu, kwa ajili ya nyonga. Nilipoanza nikaona mkono umeshuka chini bure, nani yuko chini? Nikaupandisha mpaka usawa wa bega, kama mtu anayemshika mwenzake. Nikapita hivyo. Ndoo ulizikwepa, hukuziruka, ukubwa huo. Mlangoni nikakuita Baba, lile jina lako la utotoni, ambalo huko hawalijui. Nikasikia umeinamisha kichwa usigonge juu.

Unakaa kwenye kigoda chako. Huongei, lakini tangu lini wewe ukaongea. Nimekugusa mabega, umekonda. Nakuwekea chai, asubuhi kikombe kimepungua. Nakusimulia habari za siku nzima, na najua unasikiliza kwa sababu kigoda kinalia nikifika pa kuchekesha.

Usiogope habari ya mlango. Kwa Sindano nilikuwa nachelewa kufungua kwa sababu hakuwa wangu. Wewe asubuhi nitakufungulia, uende kazini kwako, ufundishe mbwa wako. Chumba chako chenye dirisha sikukatazi. Nataka jioni tu.

Mifupa nimeacha kununua. Nimenunua mchele, na leo nitapika ule wa nazi unaoupenda. Barua hii usihangaike kuijibu. Jioni ukifika utaniambia mwenyewe.

Shangazi yako